Laptopu Yako Inakataa Kusajiliwa? Huenda Kosa Si Nywila

Saa tano usiku. Chai imepoa, bando linaisha, na unaandika nywila ileile kwa mara ya sita. Maandishi mekundu yanarudi yaleyale: akaunti au nywila si sahihi. Wewe unajua ni sahihi. Uliiunda mwenyewe, ni jina la mbwa wa kwenu na mwaka uliomaliza kidato cha nne. Lakini laptopu imekukazia kama kondakta aliyekosa chenji.

Ikiwa umefika hapo ukijaribu kuisajili Windows 10 yako ipate masasisho ya usalama ya mwaka wa ziada, kaa kidogo. Mimi nilikwama hapo siku nne nzima, na mwishowe nikagundua nilikuwa napigania kitu ambacho hata sikukihitaji. Nitakufikisha huko.

Kwanza ujue kwa nini niliteseka hivyo. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikataa kupatikana. Nilichobaki nacho ni laptopu moja ya mtumba niliyonunua mjini kwa pesa za vibarua, na hiyo ndiyo ofisi yangu. Kazi ni kusikiliza mahojiano ya watu na kuyaandika neno kwa neno, nalipwa kwa dakika za sauti. Baada ya Oktoba 2025 mteja mmoja alinitumia ujumbe mfupi: kompyuta isiyopokea masasisho ya usalama haitaruhusiwa kufungua faili zake, na nina wiki mbili. Hakuna matusi, hakuna mjadala. Wiki mbili, ama kazi inaenda kwa mtu mwingine. Na landilodi hajui mambo ya Microsoft.

Kama ulipitwa na hii habari, iko hivi. Windows 10 ilitoka tarehe 29 Julai 2015, na Microsoft iliacha kuitumia masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine haizimiki. Inawaka kama kawaida, unaangalia filamu kama kawaida. Shida ni kwamba tundu jipya la usalama likipatikana, halizibwi tena. Suluhisho rasmi ni kuhamia Windows 11, lakini hiyo inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa mashine za Intel, kwa kawaida prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. Sasa angalia ile stika iliyo kando ya kibodi yako. Nyingi ya hizi “ex-UK” tunazonunua ni kizazi cha 5, cha 6 au cha 7. Yaani tumefungiwa nje.

Ndipo wakaleta mwaka wa ziada. Ukisajili mashine, inaendelea kupata masasisho ya usalama hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Njia ni tatu: bure, ukikubali mipangilio ya kompyuta yako ihifadhiwe kwenye OneDrive, kwa pointi 1,000 za Microsoft Rewards, au kwa kulipa dola 30 mara moja. Usajili mmoja unatosha kompyuta 10, kwa hivyo mbogi nzima ya familia inaweza kuingia chini ya mtu mmoja. Na ukichelewa bado unakubaliwa, mradi muda wa mpango haujaisha, na masasisho yaliyokupita unayapata.

Lakini njia zote tatu zinapitia mlango mmoja: lazima uingie kwa akaunti ya Microsoft. Hata anayelipa dola zake. Ni hapo mlangoni wengi tunagonga kichwa.

Usiguse nywila kabla hujafanya hili. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika winver, gonga Enter. Kitatokea kisanduku kidogo chenye namba za toleo. Unataka kuona 22H2, na namba ya ujenzi inayoanza na 19045. Ukiona 21H1, 1909 au nyingine ya zamani, achana na usajili kwanza, sasisha mashine ifike 22H2. Kisha nenda kwenye mipangilio, sehemu ya Windows Update. Upande ule utaona kiungo kimeandikwa “Enroll now”. Kama toleo ni sahihi na kiungo hakipo, au kinafunguka na kujifunga mara moja, huenda umekosa sasisho lenyewe. Kulikuwa na hitilafu ya kujifunga ambayo Microsoft iliitengeneza kwa sasisho la Agosti 2025, KB5063709, na nyingine ya usajili kukwama waliyoitengeneza Novemba mwaka huohuo kwa KB5071959. Kwa hivyo pakua kila kitu kilichopo, zima na uwashe, ndipo urudi. Wengi huruka hatua hii kwa sababu ya bando. Tafuta Wi-Fi, lala, asubuhi utapata imemaliza.

Mimi siku ya kwanza nilifanya yote hayo na kiungo bado hakikuonekana. Toleo 22H2, masasisho yote yapo, kiungo hakuna. Hapo nikaanza kumlaumu fundi aliyeniuzia.

Haikuwa fundi. Ilikuwa chuo.

Unakumbuka ukiingia mwaka wa kwanza wanakupa baruapepe ya chuo, na mwenzako anakuambia ukiitumia unapata Word na Excel bure? Nami niliiweka. Wakati wa kuiweka kinatokea kisanduku kinachouliza kama unaruhusu taasisi yako isimamie kifaa chako. Kina alama ya tiki tayari. Nani husoma? Nilibonyeza ndiyo, nikaendelea na maisha. Maana ya tiki hiyo ni kwamba mashine inaweza kuandikishwa kama ya taasisi, na mashine inayosimamiwa na taasisi haipokelewi kwenye mpango huu wa watu binafsi. Kwa Microsoft, laptopu niliyoinunua kwa jasho langu ilikuwa bado mwanafunzi. Mimi niliacha, yenyewe iliendelea.

Kuitoa si kazi ngumu, lakini kuna mitego miwili, na mmoja ulinikamata. Unaenda kwenye mipangilio, sehemu ya akaunti, halafu “Access work or school”. Ukiona baruapepe ya chuo au ya kazi uliyoacha, iguse, kisha uchague kuikata. Mtego wa kwanza: kama hiyo ndiyo akaunti unayoingia nayo asubuhi kwenye kompyuta, usiikate kabla hujaunda akaunti nyingine yenye mamlaka ya msimamizi na kuhakikisha inafungua. La sivyo utajifungia nje ya nyumba yako. Mimi hapo nilipona, kwa sababu tangu mwanzo naingia kwa akaunti ya kawaida iliyoachwa na muuzaji, jina lake “user”, sijawahi kuibadilisha.

Mtego wa pili ulinimeza. Faili zilizo kwenye OneDrive ya chuo si zako. Zile zenye alama ya wingu hazimo ndani ya laptopu, ni majina tu. Chuo kilikuwa kimeshafunga akaunti yangu kimyakimya, na niliposhtuka kufungua folda ile, kila chenye wingu kilikataa. Miongoni mwavyo ni mradi wangu wa mwaka wa kwanza, ule niliopata nao alama nzuri kuliko zote. Sikuwa na mpango nao. Lakini nilikaa kitandani dakika kama kumi nikiangalia jina la faili. Basi wewe, kama bado uko chuoni unasoma hii katikati ya somo, au uliacha juzi na akaunti bado inafunguka, hamisha vitu vyako leo.

Nilipokata ile akaunti na kuwasha upya, kiungo kilikuja. Nikabonyeza, kikaniomba niingie. Sasa ndipo vita vya nywila vikaanza.

Kuna jaribio moja la dakika mbili ambalo lingeniokoa siku nzima. Chukua simu yako, fungua kivinjari, nenda account.microsoft.com, ingia kwa baruapepe na nywila unayotumia. Ikikubali kwenye simu na kukataa kwenye laptopu, akaunti ni nzima, mgonjwa ni laptopu. Ikikataa kote, mgonjwa ni akaunti, au ni kumbukumbu yako. Usichanganye hizo mbili, kwa sababu dawa zake ni tofauti kabisa, na ukijaribu kwa nguvu mara nyingi akaunti inafungwa kwa muda.

Tuseme imekataa kote. Swali langu la kwanza kwako: hiyo ni nywila ama ni PIN? Zile namba nne au sita unazopiga kila asubuhi ni PIN, na PIN inaishi ndani ya kompyuta hiyo moja tu. Microsoft haiijui. Hata laptopu ya pili ya nyumbani haiijui. Watu wamezoea PIN miaka mitatu hadi nywila yenyewe imeyeyuka kichwani, halafu siku ya usajili wanaandika PIN kwenye nafasi ya nywila wakishangaa.

Swali la pili: baruapepe yako ni ya Gmail? Hapa wengi wetu tunajichanganya, nami nikiwemo. Unaweza kufungua akaunti ya Microsoft kwa kutumia anwani ya Gmail. Jina ni lilelile, lakini ni akaunti mbili, kampuni mbili, nywila mbili. Ukibadilisha ya Google, ya Microsoft haibadiliki. Mimi nilikuwa naweka nywila ya Gmail kwa ujasiri wa mwizi wa mchana, na Microsoft inasema hapana, na iko sahihi. Nywila yangu ya Microsoft niliitunga nikiwa kidato cha tatu, kwenye saiba ya mtaani, nikitaka kucheza gemu. Niliikuta nyuma ya daftari la Kemia. Si utani.

Na kama akaunti haijaguswa kwa zaidi ya miaka miwili, huenda haipo tena. Microsoft hutaka uingie angalau mara moja kila baada ya miaka miwili, la sivyo inaweza kuifunga.

Basi nikawa na nywila ya kweli. Kwenye simu, ikakubali. Kwenye laptopu, ikakataa. Nikaiandika polepole, herufi moja moja, kama mtoto wa chekechea. Ikakataa.

Angalia kibodi yako sasa hivi. Kama laptopu ilitoka Uingereza, alama ya @ imechorwa karibu na kitufe cha Enter, na juu ya namba 2 pamechorwa alama za kufungua nukuu. Kwenye kibodi ya Kimarekani ni kinyume: @ iko juu ya 2. Muuzaji anapoweka Windows upya, mara nyingi huacha mpangilio wa Kimarekani. Kwa hivyo unabonyeza kitufe kilichochorwa @, mashine inaandika alama ya nukuu, na kwa sababu nywila inaonyeshwa kama vidoto, huoni kitu. Nywila yangu ina @. Nilikuwa nikiandika kitu kingine usiku kucha.

Dawa yake ni kubonyeza kile kijicho kando ya nafasi ya nywila uone ulichoandika kweli. Ama iandike kwanza kwenye Notepad uisome, kisha uifute. Ukitaka kumaliza kabisa, nenda kwenye mipangilio ya lugha, ongeza kibodi ya Uingereza. Ukiwa hapo angalia pia Caps Lock na Num Lock. Najua umeshaangalia. Angalia tena.

Sasa kuna wale ambao nywila ni sahihi, kibodi ni sahihi, lakini hata hawafiki kukataliwa. Ukurasa wa kuingia unakuja mweupe, au unaleta namba za ajabu kama 0x80072F8F. Ukiona namba hiyo, angalia saa ya kompyuta kabla ya kitu kingine chochote.

Jirani yangu anauza nguo mtandaoni, na laptopu yake ilikuwa ikimkatalia kila tovuti, si Microsoft pekee. Alikuja akasema, “Niangalilie hii kitu, imekufa intaneti.” Intaneti ilikuwa nzima. Saa ya mashine ilisema ni Januari 2015. Kompyuta inapoongea na tovuti salama, hukagua cheti cha tovuti hiyo, na cheti kina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Ikiwa mashine inaamini tuko 2015, cheti cha leo kinaonekana kama hakijazaliwa, basi inakataa kuongea. Unaweza kurekebisha saa kwenye mipangilio na kuchagua ukanda wa Nairobi, yaani UTC+03:00, na kila kitu kitafunguka. Lakini ukizima na kutoa chaja, tarehe inarudi 2015. Hiyo ni betri ndogo ya ndani, ya duara kama sarafu. Kwenye mashine nyingi ni aina ya CR2032. Betri yenyewe ni bei ya chakula cha kibanda. Fundi akikuambia ubadilishe bodi nzima, mwambie asante fundi, nitarudi, na usirudi.

Kama saa iko sawa, badilisha mtandao. Wi-Fi za bure za maduka na mabasi huwa na ukurasa wao wa kukubali masharti, na kile kidirisha kidogo cha kuingia cha Windows hakiwezi kuuonyesha, kinabaki cheupe tu. Washa hotspoti ya simu ujaribu tena. Na kama una VPN, izime. Microsoft ikikuona uko Nairobi saa mbili na Amsterdam saa mbili na dakika tano, itakushuku, na ina haki.

Kushukiwa ndiko kulikonimaliza siku ya tatu. Nywila imekubaliwa, mikono juu, nikadhani nimefika. Kumbe hapana: laptopu ni ngeni kwao, tuthibitishe ni wewe. Tunatuma kodi kwa namba inayoishia na tarakimu mbili fulani. Nilizitambua. Ni laini ya zamani ya mama, ile aliyopoteza na simu sokoni miaka kadhaa iliyopita, na hatukuwahi kuirudisha.

Laini ikikaa bila kutumika, mitandao yetu huichukua na kumpa mtu mwingine. Maana yake kuna mtu mahali fulani, simjui hanijui, aliyekuwa akipokea kodi za akaunti yangu usiku huo na kujiuliza huyu ni nani. Ukiwa umesoma hadi hapa na hukumbuki akaunti zako zimeshikiliwa na namba gani, hiyo pekee inatosha kukutoa kitandani. Ingia ukiwa bado unaweza, ubadilishe.

Ukiwa huna tena namba wala baruapepe ile, kuna chaguo la kusema huna, na unaweka mpya. Lakini ukibadilisha taarifa zote za usalama kwa mpigo, Microsoft inakusubirisha siku 30. Ni kwa faida yako, ili mwizi asibadilishe kila kitu usiku mmoja ukiwa umelala. Ila mimi nilikuwa na siku kumi tu. Ipo pia fomu ya kurejesha akaunti, ambapo unaulizwa nywila za zamani, barua ulizotuma, na kadhalika. Kama uliwasha uthibitishaji wa hatua mbili, fomu hiyo haikusaidii hata kidogo.

Niliomba ule mchakato wa siku 30 uanze, nikafunga laptopu, nikaenda kununua smokie. Na nikiwa pale kwa barabara ndipo wazo likanijia, la kijinga kwa urahisi wake. Kwa nini nataka akaunti hii?

Usajili haujali umri wa akaunti. Haijali kama uliifungua kidato cha tatu au asubuhi ya leo. Inataka tu iwe akaunti ya Microsoft ya mtu binafsi, si ya chuo wala ya kazi. Isiwe akaunti ya mtoto. Na iwe na mamlaka ya msimamizi kwenye kompyuta hiyo. Basi. Akaunti yangu ya zamani haikuwa na faili, haikuwa na picha. Nilikuwa nimeshikilia maiti.

Nikarudi kejani, nikafungua mpya ya outlook.com, namba yangu ya sasa, baruapepe yangu ya sasa kama mbadala, nywila isiyo na @. Dakika saba. Kwa hivyo kabla hujaingia vita, jiulize ndani ya akaunti yako kuna nini. Kama kuna kitu unachohitaji, pigana. Kama hakuna, anza upya.

Kuhusu ile habari ya mtoto: ukifungua akaunti ukaweka mwaka wa kuzaliwa wa uongo, ama mzazi alikufungulia ukiwa mdogo ndani ya kundi la familia, inaweza kuhesabiwa bado ya mtoto. Na usicheze na mwaka wa kuzaliwa ukifungua mpya.

Kuna kundi moja limebaki, na hawa niwaambie ukweli kwa upole. Wapo mafundi wanaoweka Windows “nyepesi”, iliyokatwakatwa ili iende mbio kwenye mashine ya RAM 4GB. Inaenda mbio kweli. Lakini katika kukata, wengine huzima huduma iitwayo Microsoft Account Sign-in Assistant, na bila hiyo hakuna kuingia kwa akaunti yoyote, uwe na nywila ya dhahabu. Bonyeza Windows na R, andika services.msc, itafute kwenye orodha. Ikiwa imeandikwa “Disabled”, ifungue uiweke “Manual”, kisha uwashe upya. Wengine hufunga anwani za Microsoft zenyewe, ili ule ufunguo wa bandia wa Windows usigunduliwe. Hapo utakuwa unagonga mlango ambao umejengewa ukuta. Mashine kama hiyo ni afadhali kuhamisha faili na kuweka mfumo safi kutoka tovuti ya Microsoft, au kuhamia Linux Mint, ambayo ni bure na haiulizi akaunti yoyote ili ikupe masasisho. Kwa kazi yangu ya kuandika sauti, Linux ingetosha. Ni programu moja ya mteja ndiyo iliyonishika Windows.

Na tafadhali, usimlipe mtu wa mtandaoni “akusajilie” kwa elfu mbili. Atakuomba nywila, halafu kodi itakayokuja kwa simu, na hapo umempa nyumba na ufunguo. Microsoft haipigi simu kukuambia kompyuta yako iko hatarini. Anayepiga ni mwingine.

Kuna wanaoniuliza kama haya yote yana maana, si antivairasi bado inafanya kazi. Ndiyo, Defender itaendelea kupata taarifa za virusi kwenye Windows 10 hadi Oktoba 2028. Lakini Defender ni mlinzi wa getini, hazibi tundu la ukuta. Mwezi Machi 2017 Microsoft ilitoa sasisho la kuziba tundu moja. Tarehe 12 Mei mwaka huohuo kirusi cha WannaCry kikapita kwenye tundu lilelile, kikafunga faili za zaidi ya kompyuta 200,000 katika nchi zaidi ya 150, hospitali za Uingereza zikiwemo, na kudai pesa. Dawa ilikuwa imekuwepo miezi miwili. Mimi nikipoteza faili za mteja, siwezi kuzilipa hata nikiuza figo.

Siku ya nne, saa nne usiku, nilibonyeza “Enroll now”, nikaweka akaunti mpya, nikachagua njia ya bure ya kuhifadhi mipangilio. OneDrive ya bure ni 5GB tu, kwa hivyo nilizima uhifadhi wa picha na dokumenti, nikaacha mipangilio pekee. Kikaja kisanduku kinachosema kifaa kimesajiliwa hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Usifunge hapo. Bonyeza kutafuta masasisho, uone yanashuka kweli, kisha uangalie historia ya masasisho uone la mwezi huu limeingia. Mimi nilipiga picha ya skrini hiyo ndiyo nikamtumia mteja. Alijibu neno moja, “Sawa”, na asubuhi kukawa na faili mbili za dakika 90.

Ile akaunti ya zamani ilifunguka siku 30 zilipoisha. Niliingia kuangalia. Kulikuwa na barua moja ya kunikaribisha, na gemu niliyofika hatua ya tatu.